Kabla ya trekta la pamoja, zungumzeni mirathi na moto

Watu wa kwetu Mara wakisikia naishi kusini mwa Manitoba, Kanada, katikati ya wakulima Wamennonite, Wakristo ambao imani yao inakataa vita, swali ni lile lile: walitajirikaje? Wengi wetu tulilelewa katika Kanisa la Mennonite Tanzania, lililoanzia Shirati mwaka 1934, kwa hiyo tunadhani hawa ni ndugu wa wamisionari wetu. Sivyo hasa. Wamisionari wale walitoka Pennsylvania. Hawa wa huku walitoka kusini mwa milki ya Urusi, sehemu ambayo leo ni Ukraine, baada ya serikali ya kule kuanza kuwadai vijana wao jeshini.

Wenye SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao) wanaponiuliza, wanataka habari za trekta na mbegu. Mimi huanza na nani atalipa nyumba ikiungua, na mjane atapata nini.

Walianza kufika mwaka 1874, na hadi 1880 walikuwa takriban 7,000. Serikali iliwatengea maeneo mawili, moja mashariki ya mto Red na jingine magharibi yake. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Mkataba Namba 1 wa ardhi, kati ya serikali na wenyeji wa asili Waanishinaabe na Wakrii, ulikuwa umetiwa saini mwaka 1871 tu, na Wametisi, uzao wa wenyeji hao na Wazungu, walikuwa wakiishi katika bonde lile.

Upande wa magharibi ulikuwa tambarare isiyo na mti. Walipikia na kuota moto wa samadi iliyokaushwa. Mwaka 1875 nzige wakala mazao. Serikali ikawakopesha dola 96,400, na Wamennonite wa Ontario, waliokuwa wamekaa Kanada muda mrefu, wakawadhamini. Anayekwambia walijiinua wenyewe kwa jasho lao tu amekuficha habari ya mkopo.

Sheria ilimpa kila mwenye familia ekari 160 kwa jina lake, kwa ada ya dola 10. Wao hawakutaka kutawanyika. Wakaunganisha ardhi zao, wakajenga vijiji vya mtaa mmoja mrefu, kisha wakagawana mashamba kwa vipande virefu ili kila mmoja apate udongo mzuri na mbaya. Kijiji cha Neubergthal, karibu na mji wa Altona, bado imekaa hivyo. Ila hati zilibaki kwa majina ya watu binafsi. Siku mmoja akitaka ekari zake 160, anazitoa, na waliokuwa wakilima humo wanahama. Vijiji vingi vilivunjika hivyo, bila vita wala njaa. Kwa hiyo nikiambiwa kikundi kinalima pamoja, nauliza hati ina jina la nani. Nikijibiwa "tunaaminiana," najua mahali patakapopasukia.

Moto sasa. Nyumba zao za zamani ziliunganishwa na zizi chini ya paa moja, na ukionja baridi ya Januari hapa utaelewa kwa nini mtu hataki kutoka nje kwenda kukamua. Lakini nyasi kavu zikishika moto, nyumba na ng'ombe vinaondoka pamoja. Walikuja na utaratibu wa kale wa bima yao, Brandordnung. Kila mwanachama aliandikisha thamani ya majengo yake. Moto ukitokea, hasara ilikaguliwa na kugawanywa kwa wanachama wote kulingana na thamani walizoandikisha. Aliyejitutumua kuandika nyumba yake kama ikulu alichangia kama mwenye ikulu.

Sisi watu wa Mara tulioko Amerika Kaskazini tuna chama cha kufa na kuzikana, na hapo tuliiga. Zamani mchango ulikuwa sawa kwa wote, mwenye wategemezi wawili na mwenye kumi. Siku hizi kila mtu anaandikisha wategemezi wake na kuchangia kwa idadi hiyo. Kelele zimepungua, ingawa kwenye WhatsApp kelele haziishi.

Kitu ninachokisoma zaidi ni Waisenamt, ofisi ya mayatima iliyosimamiwa na kanisa. Mtu akifa, mali ilihesabiwa na kuthaminiwa. Mwenzi aliyebaki alichukua nusu. Nusu nyingine iligawanywa kwa watoto wote sawa, mabinti na wavulana. Watoto waliwekewa walezi, na mjane hakuolewa tena kabla fungu lao halijatengwa. Fedha za mtoto zilikaa kwenye ofisi hiyo zikizaa riba hadi awe mtu mzima, na wakati huo ofisi iliwakopesha wakulima wengine kwa riba ya juu kidogo. Basi kijana aliyetaka kubaki na shamba la baba alikopa humo humo akawalipa dada zake mafungu yao. Hawakuhitaji benki ya mjini kwa kila jambo. Najua kwetu suala la fungu la binti linawasha masikio ya wazee. Mimi nasema uchumi tu: fedha za mayatima na mabinti ndizo zilizokuwa mtaji wa kijiji.

Na ndizo zilizopotea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngano ilipanda bei, ardhi ikapanda nayo, watu wakakopa kununua zaidi. Bei zikaanguka baadaye, kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1930. Wadaiwa wakashindwa kulipa, ofisi zikafilisika, na waliopoteza ni pamoja na wajane na watoto ambao ofisi iliundwa kwa ajili yao. Waliozisimamia walikuwa watu wa kanisa walioheshimika. Ndiyo maana sikubali kikundi kinachonijibu "mhasibu wetu ni mcha Mungu." Vizuri, Mungu amzidishie. Lakini akiba ya dharura ni kiasi gani? Na kama mikopo yote imedhaminiwa na mashamba ya zao moja, bei ya zao hilo ikianguka mtauza mashamba kwa nani?

Kilichofuata ndicho watu hupenda kusikia. Altona, mwaka 1931, wakulima walianzisha ushirika wa kununua mafuta ya mitambo na mahitaji ya shamba, Rhineland Consumers Co-operative. Kinara wake, J. J. Siemens, alikuwa mwalimu aliyerudi shambani. Mji wa Steinbach, ambako reli haikupita, wakafungua chama chao cha akiba na mikopo mwaka 1941, na leo ni taasisi kubwa ya fedha. Mwaka 1946 wana Altona wakafungua kiwanda cha ushirika cha kukamua alizeti, zao ambalo Wamennonite walilijua tangu Urusi, wakitafuna mbegu zake kama sisi tunavyotafuna karanga.

Ndugu zangu wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma, hapo ndipo mnapopaangalia, na mna haki. Lakini kiwanda kilikuja miaka kumi na mitano baada ya duka la mafuta ya mitambo, watu wakiwa wameshazoea kukaa mkutanoni na kusoma hesabu. Baadaye kilitoka mikononi mwa ushirika. Siku hizi kazi ya Altona ni kukamua kanola, zao jingine la mbegu za mafuta, na mwenye mtambo ni kampuni kubwa iitwayo Bunge (ni jina tu, si bunge la nchi). Hivyo mnapoandika katiba ya mashine yenu ya kukamua, wekeni kipengele cha kuuza: kura ngapi zinahitajika, mwanachama aliyejitoa analipwa lini na kwa thamani ya mwaka gani, na hisa za aliyekufa zinakwenda kwa nani kwa jina. Kiandikeni kabla mashine haijafika.