Baba anaitikia "marahaba", lakini jina la kikombe halitoki

Swali: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 68, ni fundi seremala. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi; mkono wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Mtaalamu wa tiba ya usemi, kijana mdogo tu, huja nyumbani mara mbili kwa wiki. Akimwamkia, baba anaitikia "marahaba" vizuri kabisa. Akimwonyesha picha ya kikombe, baba anakunja uso na kugeukia ukutani. Anamgomea? Tutafute mwingine?
*Binti yake, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu. Poleni kwa kuuguza.

"Marahaba" na "kikombe" havipiti njia moja. Kuitikia salamu, kuhesabu moja hadi kumi, sala ya kila siku: hayo hutoka kwa mazoea, na mara nyingi hubaki hata afasia, yaani kupotelewa na lugha, inapokuwa kali. Jina la kitu ni lazima litafutwe kila mara, na kwa watu wengi kazi hiyo hufanywa na upande wa kushoto wa ubongo, uleule unaouendesha mkono wake wa kulia. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye karibu kila alichotaka kusema kilitoka "tan". Lakini watu waliposhindwa kuelewa ishara zake alikasirika, na hapo tusi lilitoka zima.

Kwa hiyo kukunja uso sisomi kama ugomvi. Mzee aliyeshika randa maisha yake yote anaulizwa "hiki ni nini?" na kijana ambaye jibu tayari analo. Maswali hayo tunawauliza watoto. Kikombe baba anakijua.

Nami, katika kazi hiihii ya tiba ya usemi, nilikosea hivyohivyo. Wiki tatu nilimwonyesha mama mmoja muuza samaki picha za matunda. Siku moja nikamuuliza nisichokijua kweli: samaki aliyelala, asiye mbichi tena, anatambuliwaje? Akanyoosha kidole cha mkono mzima, akafanya kama anafunua mashavu ya samaki, kisha akasema, "Mekundu." Maana yake samaki ambaye hajalala mashavu yake ni mekundu. Hata upatanisho wa kisarufi ulikaa sawa! Tangu siku hiyo alikuwa akinisubiri mlangoni.

Iko njia iitwayo PACE, inayotumika tangu miaka ya 1980. Kadi za picha hufunikwa mezani. Mgonjwa na mtaalamu huchukua kwa zamu bila mwenzake kuona, kila mmoja aeleze kwa neno, ishara au mchoro. Mtaalamu naye inabidi akisie. Mwombeni aijaribu.

Msikimbilie kuongeza siku. Uhakiki wa mwaka 2016 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, uliokusanya majaribio 57, ulionyesha kuwa tiba inasaidia, na iliyo nzito, ya saa nyingi kwa wiki, huweza kusaidia zaidi, ila huko ndiko walioacha njiani walikuwa wengi zaidi.

Kumbadilisha kijana, bado. Kaeni naye kipindi kimoja mwangalie: akitaka kujua baba kalalaje, anamuuliza baba au anakuuliza wewe juu ya kichwa chake? Akishaelezwa na asijirekebishe, hapo tafuteni mwingine.

Kipindi kijacho wekeni mezani patasi zake mbili tatu na kipande cha mbao. Kijana asiulize majina. Amuulize fundi ni ipi ya kutobolea tundu la mguu wa kiti, halafu anyamaze, asubiri.