Nilizimia mbele ya jukwaa. Nirudi?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23. Mwimbaji ninayempenda tangu utotoni alipokuja kutumbuiza, nilipanga foleni tangu alfajiri ili nishike uzio wa mbele. Sikula, na maji sikuyagusa nisije nikabanwa na haja nikapoteza nafasi. Wimbo wa tatu tu nikazimia. Walinzi wakanivusha juu ya uzio, na nyimbo zilizobaki nilizisikia nikiwa kwenye hema la huduma ya kwanza. Binamu yangu tuliyekwenda naye ananicheka hadi leo, eti shabiki wa kweli hazimii. Sasa mwimbaji anarudi. Nina hamu, nina woga, nina aibu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Kata tiketi, uende.

Hiyo aibu kwanza tuiondoe. Mwaka 1995, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya madaktari wa Ujerumani waliowahoji wasichana waliozimia kwenye tamasha la kundi la muziki la New Kids on the Block mjini Berlin. Walichokikuta ni kisa chako hichohicho: hawakulala vya kutosha, hawakula, walisimama saa nyingi, kisha wakapiga mayowe huku vifua vimebanwa na umati. Ukisimama muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hujikusanya chini. Ukiwa na kiu, presha inashuka zaidi. Na mayowe yasiyokoma yanavuruga pumzi, damu ya kwenda kichwani inapungua. Mwili ukafanya uliloweza: ukakulaza chini. Mapenzi yako kwa huyo mwimbaji hayahusiki hapo hata kidogo.

Kwa hiyo safari hii lala usiku mzima, kula chakula cha kushiba na unywe maji. Choo kipo, kitumie. Ukiwa umesimama, chezesha vidole vya miguu, nyanyua visigino, hamisha uzito. Ukiona macho yanaingia giza au jasho la baridi linakutoka, usijikaze. Mwite mlinzi, toka pembeni, keti kichwa kikiwa chini.

Lakini ninalotaka ulisikie zaidi ni hili: uzio uachie wengine. Tafuta mafundi wa sauti walipoweka mixa yao, ile meza ya kuchanganyia sauti, mara nyingi katikati ya uwanja, ukasimame karibu nao. Fundi hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale pale, basi unachosikia wewe ndicho anachosikia yeye. Pale mbele unapigwa na besi ya spika za chini, na sauti ya mwimbaji mara nyingi inapita juu ya kichwa chako. Karibu na mafundi utalisikia kila neno, utaliona jukwaa zima na taa zake, na utapata nafasi ya kucheza. Huko ndiko ningekupeleka hata kama usingezimia.

Nunua pia vizibo vya masikio vya muziki. Shirika la Afya Duniani limependekeza sauti kwenye kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na hata hizo ni nyingi kwa masikio yasiyo na kinga.

Umati ukianza kusukumana, mikono iwe mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua. Usisukume kurudi nyuma. Subiri wimbi litulie, ndipo ujipenyeze kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Huko Houston, Novemba 2021, watu 10 walifariki kwa msongamano kwenye tamasha la Astroworld, kwa hiyo usiliogope neno la kuondoka.

Binamu yako mwambie bila kununa kwamba yale maneno yamekuumiza, huenda hajui. Akitaka uzio, aende. Kubalianeni mapema mtakutana wapi onyesho likiisha, tena pawe mahali panapoonekana kwa mbali, maana watu wakiwa wengi hivyo mtandao huelemewa na simu hazipatikani.