Kuanza biashara ya fulana zenye michoro yako: hesabu kwanza, mashine baadaye

Ndugu, swali lako nimelielewa hivi: unachora vizuri, upo Kampala, una shilingi milioni mbili, na tayari unaulizia bei ya mashine ya joto ya kuchapia fulana. Mashine iache dukani. Nasser Road na Nkrumah Road zimejaa wenye mashine wanaosaka kazi. Kilicho haba pale ni michoro isiyofanana na ya jirani, na mtu anayepiga hesabu ya oda kabla hajataja bei. Mashine isiyo na kazi inakula kodi ya chumba, na umeme ukikatika oda ya asubuhi inalala. Siku ambapo pesa unazowalipa mafundi kwa miezi mitatu zitazidi bei ya mashine, hapo ndipo uifikirie.

Uchapaji ukodi, lakini fulana tupu nunua mwenyewe. Ukimwachia fundi akununulie, utavalishwa kilichobaki dukani. Soma lebo ya shingoni, utafute pamba tupu. Poliesta ni rahisi, ndiyo maana msimu wa kampeni za siasa inatawala, lakini ikipata joto rangi ya kitambaa hupanda kwenye wino: maandishi meupe juu ya fulana nyekundu yanageuka waridi. Uzito wa gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba unatosha. Nyepesi kuliko hapo, wino mzito unaikunja kifuani.

Kwa fundi, uliza wavu wa skrini, yaani fremu yenye kitambaa cha wavu ambacho wino hupitia, moja kwa kila rangi. Maumbo makubwa yanataka wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, na mistari myembamba inataka kama 77. Ukichora nywele za kalamu halafu akakutolea kwenye 43, zitaungana ziwe doa. Skrini ikishapakwa dawa ya kuziba sehemu zisizo za mchoro lazima ikauke kabisa gizani kabla ya kupigwa mwanga, na miezi ya mvua jambo hili huharakishwa sana: dawa yenye unyevu inabanduka wakati wa kuosha na kuacha vitundu, na kila kitundu ni nukta ya wino kwenye fulana ya mteja. Inua skrini uelekeze kwenye jua kabla haijaguswa na wino, utaviona. Fulana nyeusi zinahitaji tabaka jeupe chini ya rangi nyingine, kwa hiyo mchoro wa rangi mbili unakuwa na skrini tatu. Wageni wengi huisahau skrini hiyo kwenye bei.

Wino wa plastisol, ule wa plastiki, huiva kwenye joto la nyuzi 160 za Selsiasi hivi, tena tabaka zima, si juu tu. Shika pande mbili za mchoro uuvute taratibu. Ukipasuka nyufa, haujaiva, mrudishie arudie joto. Ya kwanza kutoka ifue kabisa kabla hujaruhusu zilizobaki.

Sasa hesabu. Bei nizitumiazo ni za mfano, weka za leo. Oda ya fulana 50 nyeupe, rangi mbili. Nunua 53, kwa sababu mbili tatu zitaharibika: kwa 12,000 kila moja ni 636,000. Skrini mbili 60,000. Kuchapa 53 kwa 4,000 ni 212,000. Mifuko na boda 50,000. Jumla inayotoka mfukoni ni 958,000. Ongeza kazi yako ya kuchora, tuseme 200,000, ifike 1,158,000. Huo mstari wa kuchora ndio wasanii huufuta ili wapate oda, halafu wanashangaa mbona wanafanya kazi usiku na mchana na mfuko mtupu. Weka faida, uuze kwa 29,000 moja, yaani 1,450,000. Mtu akitaka kumi tu kwa bei hiyohiyo, kataa: skrini zilezile zitakuwa 6,000 kwa kila fulana badala ya 1,200.

Ukichukua nusu ya malipo ni 725,000, haifikii zile 958,000, na umemkopesha mteja bila kujua. Asilimia 70 ni 1,015,000. Inatosha, na hata akitoroka hujaanguka. Wanasiasa na kamati za harusi, chukua zote kabla. Wauzaji wanaopokea pesa za simu, walipe kwa simu moja kwa moja, maana ukitoa taslimu unalipa ada ya wakala, pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa.

Mashirika makubwa hayatakulipa bila jina la biashara lililosajiliwa URSB (ofisi ya kusajili biashara) na TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya kodi. Tena mlipaji aliyeteuliwa na URA anakata kodi ya asilimia 6 kwa malipo yanayozidi milioni moja. Kwenye oda hii ni 87,000 kutoka faida yako ya 292,000. Dai cheti cha makato, utakitumia kwenye ritani yako ya kodi.

Halafu mchoro wenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya 2006, kazi uliyoagizwa ni mali ya aliyeagiza kama hamkuandikiana vingine. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ya oda, au hata kwenye WhatsApp akakubali: "Mchoro unabaki wa mchoraji, mteja ananunua fulana 50." Kombati usiguse hata kama vijana wanazitaka, rangi za jeshi zitakupeleka polisi. Nembo ya taifa nayo inataka kibali.

Za kuuza mwenyewe, anza na 20: S tatu, M saba, L saba, XL tatu. Usichape mwaka juu yake. Fulana ya mahujaji wa Namugongo, wa sikukuu ya mashahidi ya 3 Juni, ikiwa na tarehe, ikifika 4 Juni utaiuza kwa bei ya fulana tupu, kama utampata mnunuzi.