Kwa nini boriti ikatwe kiuno?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimeona picha za ghorofa la chuma ambalo boriti zake zimekatwa kiuno karibu na nguzo. Nikaambiwa ni kwa ajili ya matetemeko. Chuma kikipungua, nguvu nazo si zinapungua?
– Msomaji, Arusha

JIBU: Zinapungua, ndugu yetu, na ndiyo makusudi. Boriti ikiwa na upana uleule mpaka kwenye nguzo, mkazo mkubwa kuliko wote huangukia mshono wa kuchomelea unaoiunga na nguzo. Kiuno huuvuta mkazo huo kando, boriti ikapinda kwenye chuma kizima, na kule kupinda ndiko kunakomeza nguvu za mtikisiko.

Somo hili lilipatikana Los Angeles. Tetemeko la Northridge, la ukubwa wa 6.7, lilipiga alfajiri ya 17 Januari 1994. Maghorofa ya fremu za chuma zilizochomelewa yalibaki yamesimama, lakini wakaguzi walipobandua kuta na plasta ya kukinga moto walikuta maungio yamepasuka, hasa mshono wa bapa la chini la boriti, yaani lile bamba lake la mlalo la chini. Nyufa nyingine zilikuwa zimeingia ndani ya nguzo.

Kwa nini chini? Fundi huchomelea bapa hilo kutokea juu, na ukuta wa katikati wa boriti unamzuia. Inambidi akatishe mshono, apitishie waya kwenye tundu, kisha aendelee upande wa pili. Hapo ndipo takataka na mapengo hubaki. Halafu kile kipande cha chuma kinachozuia madini yaliyoyeyuka yasidondoke kiliachwa palepale. Mwanya kati ya ukingo wake na nguzo ni ufa uliokwisha kuanza. Waya uliotumika sana, E70T-4, nao haukuwa umewekewa kiwango chochote cha kustahimili ufa.

Wazo la kiuno lilikuwa limeshatolewa Ubelgiji na mhandisi André Plumier. Baada ya Northridge, maabara za Marekani zilijaribu maungio ya ukubwa halisi, yakisukumwa na kuvutwa kwa jeki. Kipimo kilichokuja kukubalika ni kikali: ghorofa moja ya jengo, yenye kimo cha mita 4 toka sakafu hadi sakafu, isogee sentimita 16 kando, na boriti ibakize angalau asilimia 80 ya nguvu zake.

Chukua boriti ya kimo cha milimita 600, bapa la upana wa milimita 200. Mkato huanza milimita 100 hadi 150 kutoka usoni mwa nguzo, urefu wake 390 hadi 510, na kila upande huingia 20 hadi 50, si zaidi. Uwe upinde laini uliosagwa kwa grainda. Kona au mkwaruzo wa gesi huzaa ufa. Vipimo kamili ni vya mhandisi. Usikate kwa kukisia.

Kiuno peke yake hakitoshi. Kile kipande cha kuzuia madini kwenye bapa la chini kiondolewe, mzizi wa mshono uchimbwe mpaka chuma safi, kisha upigwe mshono wa pembe wa milimita 8. Cha juu kinaweza kubaki, ila kichomelewe kwenye nguzo, kamwe si kwenye bapa la boriti. Waya wa mishono hiyo uhimili pigo la jouli 54 (kipimo cha nishati) kwenye jaribio la nyuzi 20 za Selsiasi.

Na kwenye kiuno pasichomelewe kitu: wala pini za sakafu, wala kibano cha bomba. Hata alama ndogo ya moto inatosha kuanzisha ufa pale boriti inapotakiwa kupinda.