Kujitolea Ujerumani mwaka mmoja: wikendi utazunguka vipi

Mkuu umeuliza kama mwanafunzi aliyeahirisha mwaka chuoni kwenda kujitolea Ujerumani, kwa FSJ (mwaka wa kujitolea kijamii) au BFD (huduma ya kujitolea ya serikali kuu), anaweza kuzunguka wikendi kwa posho ile. Anaweza. Ila kinachowakwamisha wengi siyo nauli, ni zamu na makaratasi.

Tuanze na zamu. Ukipangiwa nyumba ya wazee au hospitali, usitegemee wikendi zote ziwe zako. Kawaida unafanya moja, unapumzika nyingine. Ratiba ya mwezi, wenyewe wanaiita Dienstplan, maombi yake hupelekwa kabla haijabandikwa. Ikishabandikwa imebaki kubadilishana na mwenzako, na msimamizi akubali. Chekechea hazifunguliwi Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo kama kutembea ni muhimu kwako, zungumzia kituo utakachopangiwa kujitolea kabla hujasaini mkataba. Siku 25 za semina kwa mwaka ni za kazini, asikukate kwenye likizo mtu.

Nauli: chukua Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma nchi nzima, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Kabla hujalipa, uliza kituo chako cha kujitolea kama mkoa wako una punguzo kwa wanaojitolea, Bavaria wanalo. Tiketi hiyo inapanda mabasi ya mjini, tramu, S-Bahn (treni za mjini na vitongojini), U-Bahn (treni za chini ya ardhi) na treni za mikoani za RE na RB nchi nzima. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na FlixTrain, haipandi, na ukikutwa humo nayo unahesabika huna tiketi. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli, kuna kitufe cha kuonyesha safari za tiketi hiyo tu. Kiwashe na ukiache hivyo. Tiketi ni ya jina lako, kwa hiyo tembea na kitambulisho chenye picha. Inajirudia kila mwezi hadi uisitishe, na mwisho wa kusitisha ni tarehe 10 ya mwezi huohuo. Wauzaji wengine huwakataa wageni kwa sababu hawana historia ya madeni nchini. Usihangaike kubishana nao, jaribu muuzaji mwingine.

Kuna mtego wa treni kukatwa katikati ya safari. Ukitoka München kwenda ziwa Tegernsee, treni ni moja, lakini ikifika stesheni ya Holzkirchen inagawanywa: behewa hizi zinakwenda Bayrischzell, zile zinaendelea, halafu Schaftlach zinagawanywa tena, Tegernsee huku na Lenggries kule. Soma kibao cha pembeni ya mlango wa behewa unalopanda, usifuate watu. Pia wikendi ndiyo reli hufanyiwa matengenezo. Ukiona SEV kwenye ratiba, maana yake kipande hicho utapanda basi, na kituo cha basi hakiko jukwaani. Toka nje ufuate alama. Ongeza saa nzima, na usiweke treni ya mwisho ya usiku kuwa ndiyo ya kurudia kama una zamu ya asubuhi.

Sasa mipaka. Viza ya taifa ya aina D, au kibali cha ukaazi, inakuruhusu nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Salzburg, Austria, unafika kwa Deutschlandticket hiyohiyo. Kwenda Strasbourg, Ufaransa, unaweza kushuka Kehl upande wa Ujerumani ukavuka daraja la Rhine kwa miguu. Lakini Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia ndani ya treni. Beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya kibali. Picha ya simu haikusaidii. Hatari zaidi ni pale viza imeisha na kibali hakijatoka, ukapewa karatasi ya muda ya kusubiria kibali, Fiktionsbescheinigung. Angalia alama imewekwa wapi: kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4 inakuruhusu kutoka na kurudi, aya ya 3 hapana. Ndiyo maana miadi ya ofisi ya wageni uiombe wiki ileile unayosajili anwani, na anwani inatakiwa isajiliwe ndani ya wiki mbili za kuhamia.

Chakula nunua Jumamosi, Jumapili maduka yanafungwa, ukikwama yaliyomo ndani ya stesheni kubwa huwa wazi. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya vinywaji usitupe, kila moja ina amana yako ya senti 25, unarudishiwa kwenye mashine ya supamaketi. Na kama wikendi umefanya kazi ukapewa mapumziko Jumatatu, usipange makumbusho. Mengi siku hiyo yamefungwa. Nenda milimani.