Buibui si jeusi, na ngozi pia si nyeusi

Ile picha niliyoichora ya mama aliyekaa barazani, mtaa wa Mkomani, imenunuliwa. Bei siitaji, kwa kuwa wanaonidai nao husoma hapa. Tangu niitangaze, naulizwa lile lile: "Kaka, ngozi unaipataje? Zangu zinatoka kama masizi."

Wekeni kando rangi nyeusi ya dukani. Weusi wa buibui lile nimeuchanganya mwenyewe, bluu ya ultramarini na kahawia nzito. Ukizidisha bluu kivuli kinapoa, ukizidisha kahawia kinapata joto. Ngozi ni hivyo hivyo: masikio yana wekundu, chini ya macho pana zambarau, na paji la uso hunasa rangi ya mbingu. Kisha tafuteni kichochoro. Pale jua halimpigi mtu usoni. Linapiga ukuta wa chokaa wa upande wa pili, ndipo linamrudia likiwa limelainika. Adhuhuri ya ufukweni inakula rangi zote. Waachieni wapiga picha za harusi.

Mtazameni mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984. Rangi yake ya mafuta huipaka juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Matundu na mishono ya gome haifichi. Pengine tundu linaangukia palepale penye mwili wa mtu, na jicho lako halibanduki. Mimi lubugo sina. Natia mchanga laini, uliooshwa chumvi ukakauka, katika tabaka la kwanza la rangi ya ukuta wa pichani tu, ili uso uliopakwa laini ujitenge wenyewe.

Miaka ya nyuma mwenye duka mmoja la picha aliniambia wageni hawataki wanawake wa buibui, wanataka jahazi na punda. Nikamchorea punda, mpaka nikazijua kope zao. Juzi kanipigia simu, anaomba "kitu kama yule mama". Nimemjibu punda bado wapo.

Vijana, mnachora kwa kuogopa! Mnamchora mgeni anachokijua tayari. Chora jirani yako, alasiri, siku baada ya siku, mahali pamoja. Rangi changanya mwenyewe, nimeshasema. Na muombe ruhusa kabla ya kuitoa picha nje: mama wa Mkomani aliniambia nimemzeesha, nikarudia shavu lote la kushoto kabla hajakubali.