Kilichozama kisiachwe kikauke

Juzi pale Kibirizi, Kigoma, nimewakuta vijana wawili wameopoa injini ya boti, wameilaza mchangani juani, wenyewe wako kivulini wanasubiri fundi aje kesho. Roho iliniuma. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kuopoa vilivyozama, nisikilizeni.

1. Chuma huliwa pale maji na hewa vinapokutana. Baharini chumvi inaharakisha, na bakteria nao hawalali: Titanic, iliyozama 1912 na kulala kiasi cha mita 3,800 chini, imejaa michirizi ya kutu iliyojengwa na bakteria hao. Mbao huko zina adui yake, mdudu anayetoboa, jamaa wa chaza. Huku Ziwa Tanganyika hatuna mdudu huyo, na maji yetu hayana chumvi ya bahari.

2. Injini hufunguliwa siku ileile inayotoka majini. Mimi sikuifungua. Ilikuwa kiangazi, Ijumaa jioni, injini ya mzee mmoja mvuvi, imekaa chini wiki tatu. Tulipoivuta ilikuwa na matope tu. Nikamwambia mzee, "Shikamoo baba, hii ni nzima, Jumatatu tunaiwasha." Nikaenda harusini Ujiji. Jumatatu nikafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nikapitisha kidole gumba ndani ya silinda, kikatoka na unga mwekundu kama vumbi la tofali. Pistoni zimeshika. Tuliloweka dizeli, tukagonga kwa kipande cha mbao, hazikusogea. Wiki tatu majini hazikuiua. Siku tatu za hewa na unyevu ndani ya silinda zilitosha. Mzee alisimama mlangoni, akauliza mara moja tu, "Si ulisema nzima, mwanangu?" Boti ile ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za wajukuu zake. Nililipa nilichoweza kwa miezi mingi, lakini msimu wa dagaa ulikuwa umeshampita.

Halafu bandarini tunayo meli ya Liemba! Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen, mafundi wao walizipaka injini grisi nzito kwanza. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini, injini zilezile za mvuke. Wale mafundi walikuwa wanakimbia vita, na bado walipata muda wa kupaka grisi. Mimi nilikuwa nakimbilia pilau.

3. Shaba isigusane na chuma ndani ya maji; chuma ndicho kitakachoisha. Weka mpira katikati.

4. Mbao iliyokaa sana majini ikauke polepole chini ya magunia yenye unyevu. Ikipigwa na jua inapasuka.

5. Kama huna dizeli, oili na spana mkononi, iache injini izame ndani ya pipa la maji safi, hewa isiiguse. Pipa liko nyuma ya karakana. Lijazeni kabla hamjavuta kamba.